Simu inajua ulipo, mwenyeji anajua pa kupita

Kwa Wakenya wengi, kwenda nchi ya nje ni habari ya pasipoti, tiketi ya ndege na kuagana na jamaa uwanjani. Kwa mkazi wa Mandera, nchi ya nje iko mwendo wa miguu. Mto Daua ndio unaoutenga mji huo na Suftu ya Ethiopia, na upande wa pili Bula Hawa ya Somalia iko karibu kiasi kwamba mapigano yakizuka huko, risasi huweza kuangukia mitaa ya Mandera, kama ilivyowahi kutokea. Ukishuka kusini, Liboi ya Garissa na Dhobley ya Somalia zimeachana kwa kama kilomita 18 tu. Tena watu wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wametapakaa duniani. Wapo wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou na Istanbul, wapo mahujaji wanaokwenda Makka, na zipo familia zilizopitia kambi za Dadaab kabla ya kupewa makao mapya Minneapolis. Wote hao, wakishafika, hukutana na swali lilelile la mgeni anayetembea kwa miguu: niko wapi, na nipite wapi? Siku hizi jibu hutafutwa kwanza mfukoni. Hoja yangu ni kwamba hayo ni maswali mawili, na simu hulijibu la kwanza vizuri kuliko binadamu yeyote. La pili hulikisia tu. Mgeni anayeyachanganya hujitia hatarini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika nchi kavu, pana na yenye mipaka isiyotulia kama hii ya kaskazini mashariki.

Tuipe simu haki yake kwanza. Wengi hudhani kwamba bando likiisha, ramani nayo imekufa. Si kweli. Jipiesi iliyomo ndani ya simu hupokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha takribani kilomita 20,000, na ikizinasa angalau nne, hukokotoa mahali uliposimama. Mawimbi hayo hayalipiwi, wala hayapiti kwenye mnara wa kampuni yoyote ya simu. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi yale yanayotumiwa na raia. Tangu ilipoacha, simu ya kawaida iliyo mahali pa wazi hukosea kwa mita tano hivi. Na mahali pa wazi ndiyo mali yetu, kwani hakuna maghorofa ya kuziba anga kati ya Modogashe na Wajir. Kinachohitaji intaneti ni mchoro wa ramani wenyewe, na huo unaweza kupakuliwa mapema ungali nyumbani. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zimeundwa kwa ajili hiyo hasa, nazo huchota kutoka OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea kote duniani. Kijana aliyekulia kambi ya Hagadera anaweza kusimama kwenye kichochoro cha Istanbul bila senti ya bando, bila neno la Kituruki, na akajua amesimama upande gani wa msikiti. Vizazi vilivyotangulia havikuwahi kuwa na uwezo huo, na anayeudharau anajinyima bure.

Lakini kujua ulipo hakukuhakikishii pa kupita. Mwishoni mwa Aprili 2024 mto Tana ulifurika na kufunika barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa. Watu wakawa wanavushwa kwa boti, na mojawapo ya boti hizo ikapinduka, roho za watu zikapotea. Mtu aliyekuwa na ramani aliyoipakua wiki moja kabla ya hapo angeona barabara kuu imenyooka hadi darajani, bila dalili ya kizuizi. Mstari wa ramani haulowi maji. Mambo ni hayohayo kwenye laga zetu, yaani mito ya msimu, ambazo wakati wa kiangazi cha jilaal ni barabara nzuri ya mchanga, na zikija mvua za gu hugeuka mito kwa saa chache, pengine kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo mpita njia hakuiona hata wingu lake. Ramani inayoonyesha laga hiyo kama mstari mwembamba wa buluu imesema kweli, na bado haijamwambia msafiri jambo analolihitaji: leo kunapitika? Hesabu ya muda nayo ina kasoro iyo hiyo. Programu nyingi humkadiria mwenda kwa miguu kilomita tano hivi kwa saa, kwa hiyo kilomita 18 zitaandikwa kuwa ni saa tatu na nusu au zaidi kidogo. Hesabu hiyo haijui mchanga unaozamisha mguu, haijui jua la saa saba mchana, wala haijui kwamba dumu la maji la lita tano lina uzito wa kilo tano.

Mpaka ni mfano mwingine wa mstari unaosema machache kuliko inavyoonekana. Mpaka wa Kenya na Somalia ulichukua sura yake ya sasa baada ya Uingereza kuikabidhi Italia nchi ya Jubaland mwaka wa 1925, na kwa sehemu kubwa unapita katikati ya malisho ya jamii zilezile. Kenya iliufunga rasmi mwaka wa 2011. Mei 2023 serikali ikatangaza kwamba vituo vya mpakani vingefunguliwa kwa awamu, kisha Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi, ikaahirisha mpango huo. Kwenye simu, katika miezi hiyo yote, mpaka ulikuwa ni uzi uleule mwembamba wa kijivu. Uzi huo haukuambii ni mahali gani kuna doria, ni saa ngapi amri ya kutotoka nje inaanza, wala ni njia gani inashukiwa kufukiwa bomu. Hata majina hudanganya. Kuna El Wak ya Kenya, katika Kaunti ya Mandera, na kuna El Wak ya Somalia, upande wa pili wa mpaka. Anayeandika jina hilo na kubofya jibu la kwanza bila kusoma jina la nchi chini yake anaweza kuelekezwa katika dola nyingine, na simu haitamnong'oneza lolote.

Mtu anaweza kudai kwamba kasoro hizi ni za nchi zisizochorwa vizuri, na kwamba huko ughaibuni mambo ni sawa. Ushahidi unasema vingine. Julai 2021 mashirika mawili ya Scotland, Mountaineering Scotland na John Muir Trust, yalitoa onyo kwamba Google Maps ilikuwa inawaelekeza watembeaji kupanda mlima Ben Nevis kwa mwelekeo unaoweza kuua, kwenye magenge ambayo hata wazoefu huyaogopa. Scotland imechorwa kwa karne nyingi, jiwe kwa jiwe, lakini programu ilitazama maegesho ya magari yaliyo karibu zaidi na kilele, ikatoa mstari. La kuzingatia ni kilichofuata. Wenyeji walilalamika, magazeti yakaandika, na kampuni ikashughulikia njia hiyo. Ramani ya simu husahihishwa pale ambapo kuna mwenyeji mwenye sauti ya kuisahihisha. Garissa, Wajir na Mandera kwa pamoja ni zaidi ya kilomita za mraba 120,000, eneo linaloipita nchi nzima ya Malawi. Sasa jiulize: njia ya mkato ya kwenda kisimani huko Fafi ikiwa imechorwa kimakosa, nani atalalamika, kwa nani, na kwa lugha gani? Hapo ndipo ajabu ya eneo hili ilipo. Anga letu ni miongoni mwa yale yanayoifaa jipiesi zaidi, na ardhi yetu ni miongoni mwa zile ambazo ramani inazijua kidogo zaidi. Kitone cha buluu kitakuonyesha ulipo kwa usahihi wa mita tano, katikati ya karatasi tupu.

Ipo pia hali ya chombo chenyewe. Kampuni ya Apple hueleza kwamba iPhone imetengenezwa kutumika mahali penye joto la kati ya nyuzi sifuri na 35. Garissa hufikia na kuvuka nyuzi 35 mara nyingi, na hilo ni joto la kivulini, sembuse simu iliyoshikwa juani huku kioo kikiwaka mwanga wote na jipiesi ikila betri. Simu ikipata moto kupita kiasi hufifiza kioo, kisha huzima ili kujilinda, na hufanya hivyo saa ambayo mwenyewe naye anaelekea kuzidiwa na jua. Aliyehamia Minneapolis hupatwa na kinyume chake, kwa kuwa Januari kule joto huwa chini ya sifuri kwa siku nyingi na betri hukatika ghafla ikiwa bado inaonyesha chaji. Mji huohuo una njia za ndani ziitwazo skyway, madaraja yaliyofunikwa yanayounganisha majengo kwenye ghorofa ya pili kwa kilomita nyingi, ili watu wasitembee kwenye theluji. Ndani yake mawimbi ya setilaiti hufifia, na kitone cha buluu hakitofautishi aliye barabarani na aliye juu yake. Huna haja ya kwenda Marekani kuyaona hayo. Simama chini ya mabati ya Suq Mugdi mjini Garissa, fungua ramani, utaona duara hafifu la samawati likitanuka kukizunguka kile kitone. Kwa duara hilo simu inakiri kwamba haina hakika. Mshale wa mwelekeo nao hutegemea dira ndogo ya sumaku, na mabati au gari lililo karibu huuyumbisha. Dawa yake ni kutoka hadi uwazi, kuizungusha simu mkononi kwa umbo la tarakimu nane, kisha kutembea hatua kumi na kuangalia kama kitone kinakufuata. Wangapi huifanya kazi hiyo ya nusu dakika kabla ya kushika njia?

Sheria za ugenini nazo huingilia. China Bara imezuia huduma za Google, na sheria yake inataka ramani zichorwe kwa vipimo vilivyosogezwa makusudi, hata mtu anayetumia ramani ya kigeni huweza kujiona yuko mamia ya mita kutoka aliposimama. Mfanyabiashara wa Garissa anayefika Guangzhou akiwa na programu aliyoizoea Eastleigh jijini Nairobi hugundua hayo akiwa tayari na mizigo begani. Kule Mina, wakati wa Hija, mahema meupe yanayofanana ni maelfu kwa maelfu, na hapo alama iliyowekwa kwenye ramani ni msaada mkubwa kwa mzee aliyetoka kwenda kutupa mawe na hajui kambi yake iko safu gani. Lakini Hija ya mwaka wa 2024 ilionyesha mwisho wa msaada huo. Saudia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema asilimia 83 ya waliokufa walikuwa watu wasio na vibali ambao walitembea mwendo mrefu juani bila pa kujisitiri. Ramani huonyesha umbali. Vivuli, maji na vizuizi vya polisi ni habari za mwenyeji, au za kiongozi wa kikundi anayejua mwaka huu njia ipi imefungwa.

Zaidi ya chombo na sheria, kuna athari ya simu kwa mtembeaji mwenyewe. Mwaka wa 2008 mtafiti Toru Ishikawa na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya nchini Japani, ambamo watu walitembea mitaani wakiwa wamegawanywa makundi matatu: wa simu yenye jipiesi, wa ramani ya karatasi, na waliotembezwa njia kwanza kisha wakaachwa waipite wenyewe. Wa simu walitembea mwendo mrefu zaidi na kusimama mara nyingi zaidi, na hata walipotakiwa kuichora njia waliyoipita, michoro yao ilikuwa dhaifu kuliko ya waliotembezwa. Mwaka wa 2020 watafiti Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wakaripoti kwamba watu waliotumia jipiesi kwa wingi maishani walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya mahali walipolazimika kujiongoza wenyewe. Sitaki kuyakuza matokeo haya kupita kipimo, kwani majaribio yalikuwa ya watu wachache na teknolojia imesonga mbele. Hata hivyo yanaeleza jambo ambalo msafiri analihitaji siku simu inapozima: njia aliyoongozwa hatua kwa hatua hakuwahi kuwa nayo kichwani, hivyo hana pa kurudia.

Watu wa eneo hili wanayo desturi inayofaa kuongoza matumizi ya simu, nayo ni sahan. Kabla ya kuhamisha mifugo, wafugaji wa Kisomali hutuma watu wanaojua ardhi wakaangalie malisho, maji na usalama wa huko mbele. Wanaporudi hawaaminiwi moja kwa moja. Wanasailiwa: umeyaona maji mwenyewe au umeambiwa? Siku ngapi zilizopita? Nani yuko hapo sasa? Habari yao hulinganishwa na ya wasafiri wengine, ndipo uamuzi unapofanywa. Simu ifanywe mmoja wa hao wapelelezi. Isikilizwe, isailiwe, ilinganishwe. Programu ya AfriScout, iliyobuniwa kwa ajili ya wafugaji wa Ethiopia, Kenya na Tanzania, inafuata mantiki hiyohiyo: setilaiti huonyesha majani na maji yalipo, na wafugaji wenyewe huongeza tahadhari za magonjwa, wanyama wakali na migogoro. Mashine huona kijani kutoka juu, binadamu husema kama kijani hicho kina kupe au kina bunduki. Wala tusiipambe desturi kupita kiasi. Mwaka wa 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza njaa kusini mwa Somalia, maelfu walitembea siku nyingi kuja Dadaab kwa habari za mdomo tu. Wengi waliporwa njiani na wengi walizika watoto wao kando ya njia. Habari za mdomo peke yake nazo hupotosha. Ndiyo maana nasema vyote viwili, kila kimoja kwa swali lake.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito zaidi, ni la usalama wa anayeuliza. Mwanamke anayetembea peke yake katika mji wa kigeni ana sababu njema za kutomwambia mtu asiyemjua kwamba amepotea. Kijana mwenye sura ya Kisomali amezoea kwamba swali lake huweza kujibiwa kwa kuombwa kitambulisho. Utapeli wa mawakala na madereva nao upo kila stendi. Wanaosema simu imewakomboa na hayo wanasema kweli, na mimi siwataki warudi nyuma. Nawataka wauone uhuru ambao simu imewaongezea na hawajautumia. Zamani mgeni alilazimika kuuliza njia kwa kutaja aendako, na hapo ndipo alipojifichua. Sasa mwelekeo anaujua tayari. Anaweza kuuliza hali ya njia bila kutaja safari yake: mvua ilinyesha lini hapa? Soko hufungwa saa ngapi? Daraja lile linapitika kwa miguu? Kuna doria huko mbele? Anaweza pia kuchagua wa kumuuliza, na kuuliza kabla ya kushika njia badala ya kungoja amepotea: mama muuza chai, muuza duka, watu msikitini baada ya swala, mapokezi ya hoteli. Na anaweza kuwauliza wawili waliokaa mbalimbali, akalinganisha. Kuuliza kwa namna hiyo hakumfanyi mtu kuwa mnyonge, kwa sababu anauliza akiwa na ujuzi wa kuupimia ukweli wa jibu.

Pingamizi la pili hutoka upande wa wazee, nao husema simu inaua elimu ya ardhi, kwa hiyo vijana waiweke chini. Kilio chao nakielewa, lakini dawa yao haitibu. Vijana wengi wa leo hawakukulia nyuma ya ngamia. Wamekulia Bula Iftin, Ifo au Eastleigh, na elimu ile hawakuipoteza kwa simu, hawakuwahi kupewa. Tena ukame wa kati ya 2020 na 2023, uliokuja na misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, ulizipeleka familia nyingi mbali na njia zilizozoeleka, mahali ambapo hata mzee alikuwa mgeni. Kumnyang'anya mtu simu hakumfundishi kusoma nyota. Kinachofaa ni kwamba jina la laga, kisima na kilima analolijua mzee liingizwe kwenye ramani na kijana anayejua kuibofya, wakiwa wamekaa pamoja. Elimu iliyoandikwa mahali watu wanapotazama kila siku ina maisha marefu kuliko ile inayolindwa kwa kulalamika.

Pingamizi la tatu ni la vyombo vya usalama na la wananchi waliochoka na vita: kuchora visima, njia na vijiji ni kumpa adui ramani. Hofu hiyo si ya kubuni. Minara ya mawasiliano imelipuliwa mara nyingi katika kaunti hizi tatu, na Januari 2014 wanamgambo wa al-Shabaab waliziamuru kampuni za simu nchini Somalia zikate intaneti ya simu. Mtu anayekutwa upande ule na simu yenye ramani na picha anaweza kuitwa jasusi, na upande huu anaweza kuitwa gaidi. Hata hivyo wanaoshambulia barabara na visima tayari wanajua vilipo, maana wamekuwa wakivitumia. Asiyejua ni muuguzi aliyehamishiwa huko mwezi jana, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bima ya mifugo, na mama anayetafuta zahanati iliyo karibu zaidi. Giza la ramani humwumiza mgeni mwema kuliko anavyoumia mhalifu mwenyeji. Busara ni kuacha nje yanayostahili kuachwa, yaani kambi za askari, nyumba za watu binafsi na mienendo ya doria, na kuweka yale ambayo ni haki ya umma. Na kwa mtembeaji, busara ni kujua sheria na hofu za mahali kabla ya kuingia na simu mkononi, na kuirudisha mfukoni anapokaribia kizuizi.

Kwa hiyo wajibu uko pande mbili. Msafiri apakue ramani ya eneo lote, ya pande zote mbili za mpaka ikiwa anakaa mpakani, akiwa bado na intaneti. Asome jina la nchi chini ya jina la mji. Aitazame njia nzima kabla ya kuondoka, aikariri kwa alama nne au tano kubwa, kisha aizime simu na kuitoa kwa vipindi tu, kivulini. Abebe pawabanki, na aandike kwenye karatasi anwani ya anakokwenda kwa lugha ya huko, kwa kuwa karatasi haiishi chaji. Na kabla ya hatua ya kwanza, aulize hali ya njia. Vikundi vya mahujaji viyafundishe hayo Garissa, siyo uwanja wa ndege wa Jeddah, kwa zoezi la kutembea mjini na kurejea mahali walipoanzia.

Upande wa pili ni serikali zetu. Mji wa Garissa umegawanyika katika mabula, yaani mitaa, ambayo kila mwenye bodaboda anayajua na ambayo mgeni hawezi kuyapata kwa kusoma kibao. NDMA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia masuala ya ukame, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, zikieleza hali ya malisho na umbali wa kufuata maji. Habari hiyo inakusanywa kwa fedha za umma na watu waliofika mahali penyewe, kisha huishia kwenye kurasa ambazo mtembeaji hataziona. Kaunti tatu zikae na mamlaka hiyo, machifu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, ziweke majina ya mabula, visima vinavyofanya kazi na vivuko vya laga kwenye ramani huru, na zirekebishe kila msimu wa mvua unapokwisha. Kazi hiyo haihitaji mitambo mipya, kwani simu zipo mikononi mwa watu na setilaiti ziko juu. Inahitaji bajeti ndogo, afisa mmoja katika kila kaunti mwenye jukumu hilo kwa jina, na tarehe ambayo wananchi wanaweza kumwuliza amefika wapi. Bajeti ijayo ya kaunti ndiyo pa kuanzia, na vikao vya kuchukua maoni ya umma ndipo mahali pa kuidai.